Mbele ya kuchagua parke, chagua mwezi



Kila mwaka, mvua ikianza kukatika, swali linarudi katika kundi letu: "Safari hii tunaenda kuona nyama wapi?" Mmoja anataka Serengeti sababu ameiona ku televizheni. Mwingine anasema Luangwa. Wa tatu anauliza, tena kwa hasira kidogo, kwa nini tupeleke makuta Zambia wakati sisi wenyewe tuko na Kundelungu na Upemba hapa hapa Katanga. Mabishano yanaendelea mpaka katikati ya usiku, watu wanalala, na mwaka unapita bila mtu kuona hata tumbili.

Mwaka huu mambo ni tofauti. Likelemba yetu ya watu wanane inafika mwisho, na tumekubaliana kwamba zamu ya mwisho haigawanywi: inalipa safari. Ni pesa ya watu ambao bado wanatafuta kazi ya kweli. Wawili wanafundisha kwa saa, mmoja anauza unga, mmoja anasubiri matokeo ya konkuri tangu mwaka jana. Pesa hii ikienda vibaya, hakuna ya pili. Njo maana bandugu wameniomba mimi, mtu wa agronomia, niandike vile ninavyoona. Niliwaambia kwamba sijui utalii. Wakanijibu: "Wewe ulisoma majani." Ni kweli, nilisoma majani, na kwa maoni yangu jibu liko ndani ya majani.

Tuanzie hapo. Ajansi zinatuuzia nyama kwa majina: simba, tembo, nyati, chui, kifaru, wale wanaoitwa watano wakubwa. (Hesabu hiyo waliianzisha wawindaji, si watalii: ni nyama watano waliokuwa wagumu na wa hatari kuwinda kwa miguu. Twiga hayumo, kiboko hayumo, na hakuna sababu sisi tufuate orodha ya watu wa bunduki.) Lakini simba hali jina. Anakula nyumbu, nyati, punda milia, na hao wanakula majani. Ukitaka kujua simba wako wapi mwezi wa nane, usiulize simba. Uliza mahali majani yenye nguvu yalipo mwezi wa nane, na mahali maji yamebaki. Parke ni malisho. Tofauti yake na malisho ya ng'ombe ni kwamba hakuna mchungaji, na mwenye kuchunga ni mvua.

Sasa, majani si majani tu. Huku kwetu Lubumbashi tunapata kama milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu. Mvua hiyo inaangukia udongo mzee sana, ambao imeuosha kwa maelfu ya miaka. Kalsiamu, fosfori na vingine vimekwenda chini au vimekwenda na mito. Matokeo yake kila mtu ameyaona njiani: majani marefu kupita mtu, mazuri kwa picha, lakini ndani hakuna kitu. Yakishakauka, protini yake inashuka sana. Na mnyama anayecheua, ikiwa chakula chake kiko chini ya asilimia 7 hivi ya protini, vijidudu vya tumboni mwake vinakosa azoti, chakula kinakaa tumboni bila kusagika vizuri, na mnyama anakonda huku tumbo limejaa. Mwenye ng'ombe yeyote hapa anajua sura ya ng'ombe wa mwezi wa tisa.

Kwa hiyo miombo, ule msitu wetu wa miti mirefu kiasi na majani chini yake, haukuumbwa kulisha makundi makubwa. Unalisha wachache wanaojua kuchagua: palahala, korongo, pofu, kongoni, waliotawanyika mbali mbali. Nasema hivi mapema ju ya wale wanaofika Kundelungu, wanazunguka siku mbili, kisha wanarudi na kusema "wawindaji haramu wamemaliza yote." Wawindaji wamefanya uharibifu mkubwa, hilo halina ubishi. Kwetu neno ni moja, nyama wa porini na nyama ya sahani, na neno hilo limetugharimu. Lakini hata kama hakuna mtu aliyewahi kufyatua risasi pale, juu ya plato usingeona kile unachoona Serengeti. Udongo haukubali.

Jambo la pili ni mwezi. Dada mmoja tuliyesoma naye alinunua safari kwa ajansi moja, siitaji, akapelekwa katika parke ya bondeni katikati ya mwezi wa pili. Bei ilikuwa imeshushwa, akafurahi. Siku tatu ndani ya gari, majani yamepita dirisha, njia kadhaa zimefungwa na matope. Tembo aliwaona: masikio yao. Kwa kweli ajansi haikudanganya juu ya nyama, walikuwa ndani. Lakini mwezi wa pili kila kishimo kina maji, kila upande uko na majani mabichi, basi nyama hawana sababu ya kukusanyika mtoni. Wanatawanyika, na majani yanawafunika. Bei ya chini ilikuwa na sababu yake, na hakuna aliyemwambia sababu hiyo. (Kama unapenda ndege, mwezi wa pili ni mwezi wako: wahamiaji wako, madume yamevaa rangi. Lakini yeye hakutaka ndege.)

Kiangazi kikiendelea, hesabu inageuka. Vishimo vinakauka kimoja kimoja, majani yanalala au yanaungua, na ikifika mwezi wa nane mpaka wa kumi, anayetaka kunywa lazima aje kwenye mto. Hapo mtalii hatafuti nyama, anakaa karibu na maji na nyama wanamjia. Hata moto unasaidia: mahali palipoungua mapema, majani machanga yanachipuka na mizizi ya mwaka jana, yako na protini kuliko yale makavu ya pembeni, na swala wanayafuata. Ukiona kiraka cheusi chenye kijani kidogo, simamisha gari pale.

Pamoja na hayo, tupime sehemu zenyewe.

Serengeti nitaipita kwa haraka, si kwa sababu ni mbaya, ila kwa sababu kutoka Lubumbashi, kwa likelemba yetu, usafiri peke yake unamaliza mfuko. Lakini kwa elimu ni nzuri, sababu pale utaona ninachosema kwa macho. Nyumbu zaidi ya milioni moja wanazunguka mwaka mzima, na watu wote wanataka kuwaona wakivuka mto Mara, kati ya mwezi wa saba na wa kumi. Mimi ningeenda mwezi wa pili. Wakati ule wako kusini, upande wa Ndutu, kwenye uwanda wa majani mafupi, wanazaa, karibu wote ndani ya majuma machache. Kwa nini pale? Udongo wa pale ni majivu ya volkano, mapya kwa hesabu ya dunia, yenye kalsiamu na fosfori, na jike anayenyonyesha anahitaji vitu hivyo. Chini ya majivu kuna tabaka gumu ambalo mizizi ya miti haipiti, ndiyo maana ni uwanda mtupu na simba hana pa kujificha vizuri. Mvua ikikatika, uwanda unakauka upesi, na kundi linaelekea kaskazini kwenye mvua zaidi. Hawahami sababu wanapenda kutembea. Wanahama sababu chakula kizuri na maji ya kutosha haviko mahali pamoja mwaka mzima.

Gorila pia nitaongea kidogo, kwa uchungu. Gorila wa Grauer hawapatikani nchi nyingine yoyote zaidi ya Kongo, na Kahuzi-Biega ilikuwa mahali pa kuwaona. Virunga, iliyoanzishwa 1925, ni parke ya taifa ya kwanza Afrika. Lakini vita vya Kivu mnavijua. Goma na Bukavu zilianguka mwanzoni mwa 2025, na simshauri mtu apeleke likelemba yake kwenye vita. Ng'ambo ya mpaka, kibali cha kuona gorila wa milimani kwa mgeni wa kawaida ni dola 1,500 Rwanda na 800 Uganda. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, na nchi za Jumuiya ziko na bei za chini kwa wanajumuiya. Anayefikiria upande huo aombe jibu la maandishi kutoka kwa wenye parke, lenye neno "Kongo" ndani yake, mbele ya kulipa hata dola moja. Neno la mdomo la mtu wa ajansi halitakusaidia mlangoni. Na kama ni simba tu unataka, Akagera iko karibu na Kigali: simba walirudishwa 2015, vifaru weusi 2017, na sehemu kubwa ya parke ni uwanda na maziwa, macho yanafika mbali.

Sasa Luangwa ya Kusini, pale Zambia. Hii ndiyo parke ambayo mtu wa Katanga akiwa na mshahara anapaswa kuiweka juu ya orodha, na ajabu ni kwamba iko katika nchi ya miombo kama yetu. Tofauti ni bonde. Luangwa inapita chini, kati ya kingo za ufa, na mto huo haujafungwa na bwawa. Kila mwaka unafurika, unahama, unaacha vipande vya mkondo wa zamani vyenye maji, na unaacha udongo mpya. Yale yaliyooshwa kutoka milimani, chakula ambacho plato ilipoteza, bonde limepokea. Juu ya udongo ule kunaota mopani, mti ambao majani yake yanabaki na lishe hata yakikauka na kuanguka chini. Tembo na swala wanayala wakati hakuna kitu kingine. Kwa hiyo nyama ni wengi: viboko wamejaa mtoni, chui wanaonekana usiku kwa taa (pale safari za gari za usiku zinaruhusiwa), na iko aina ya twiga ambayo haipatikani mahali pengine. Mwezi wa nane na wa tisa ndiyo wakati wake. Wa kumi nyama wanaonekana zaidi, lakini joto linaweza kupita digrii 40, na sisi watu wa plato tumezoea baridi ya asubuhi. Mvua ikianza, udongo mweusi unanata kama bukari iliyokosa unga, na kambi nyingi zinafunga.

Pale pia ndipo safari za kutembea kwa miguu zilipoanza kama utalii, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Norman Carr akifanya kazi pamoja na chifu Nsefu. Wazo lilikuwa rahisi: kijiji kipate pesa kwa nyama aliye hai. Mlinzi mwenye silaha anatembea mbele, nanyi nyuma kwa mstari. Mtu wa agronomia akitembea atafurahi kuliko ndani ya gari, sababu anaona mavi, nyayo, majani yaliyokatwa na meno, yote ambayo dirisha linaficha.

Tatizo la Luangwa kwetu ni gari. Na hapa niseme jambo kuhusu pesa ambalo watu wengi wanalipima kwa upande usio wake. Watu wanalinganisha bei ya kiingilio. Kwa parke nyingi, kiingilio ni sehemu ndogo ya hesabu. Vinavyokula makuta ni gari la magurudumu manne, mafuta, dereva anayejua njia, na kitanda. Parke kubwa inahitaji gari siku nzima, kila siku, sababu nyama wako mbali na kambi. Parke ambayo kitu cha kuona kiko mahali pamoja, kwa saa inayojulikana, ambapo unaenda kwa miguu kutoka hemani, ni parke ya maskini. Nasema maskini bila aibu, tuko wanane.

Hapo njo ninafika Kasanka.

Kasanka ni parke ndogo ya Zambia, kilometa za mraba 400 hivi, kaskazini ya Serenje, si mbali na ile pembe ya Katanga inayoingia Zambia upande wa Sakania. Ukisoma orodha ya nyama wake utaona wa kawaida: puku, viboko, tembo wachache, na nzohe, swala wa kwenye matete ambaye mahali pengine ni shida sana kumwona. Simba usimhesabu. Kwa hesabu ya watano wakubwa Kasanka ni parke ya kukatisha tamaa. Lakini kuanzia mwisho wa mwezi wa kumi mpaka katikati ya mwezi wa kumi na mbili, popo wanafika pale kwa mamilioni. Makadirio yanayotajwa ni milioni 8 mpaka 10. Ni popo wakubwa wa matunda, wenye manyoya ya rangi ya majani makavu, mabawa yao yakifunguka yanafika karibu sentimita 75. Wote wanalala mchana ndani ya msitu mmoja wa majimaji, mushitu wa hekta chache tu, wananing'inia mpaka matawi yanavunjika kwa uzito. Jua likizama wanatoka. Mbingu inajaa kwa nusu saa hivi, tai wanakata katikati yao, na chini mamba wanasubiri anayeanguka. Alfajiri wanarudi. Kuna majukwaa yaliyojengwa juu ya miti ya kuwatazamia. Kwa idadi, hawa wanawapita mbali nyumbu wa Serengeti.

Na kwa nini wanakuja? Hapa nawaomba watu wa Lubumbashi wafikirie kile wanachonunua barabarani mwezi wa kumi na moja. Masuku. Mpundu. Niliwaambia miombo ni maskini wa majani, na ni kweli. Lakini miti yake imejifunza kuishi juu ya udongo ule mchovu: mizizi ya msuku, kama ya miti mingine mingi ya miombo, imeungana na nyuzi za uyoga, na uyoga unauletea fosfori ambayo mzizi peke yake usingeipata. Ndiyo sababu mwezi ule ule mvua ikianza, pembeni ya barabara unakuta mama mmoja anauza masuku na mwenzake anauza uyoga. Ni biashara mbili za mti mmoja, karibu niseme. Miombo haikuumbwa kwa wala majani. Inatoa matunda, uyoga, vinkubala. Basi onyesho lake kubwa si la mla majani, ni la mla matunda. Ukielewa hivyo, hutaona tena Kasanka kama parke iliyokosa simba.

Kisha kuna ile hoja ya mwenzetu mwenye hasira, kwamba tunapeleka makuta ya Kongo nje. Popo wachache wa Kasanka walifungwa vifaa vya kufuatiliwa kwa satelaiti, na matokeo yalitangazwa 2008. Walipotoka Kasanka walielekea kaskazini, wakaingia Kongo. Mmoja alifuatwa kwa karibu kilometa 1,900. Kwa lugha nyingine, sehemu kubwa ya mwaka ni popo wetu. Wanakula matunda ya misitu yetu, wanabeba mbegu na kuziangusha mbali, wanapanda miti bila mshahara. Katika miji mingine ya nchi hii wanauzwa sokoni kama chakula. Wanaenda Zambia kama sisi tunavyotaka kwenda: kwa majuma machache, kwa sababu ya masuku. Na msitu unaowangoja uko hatarini pande zote mbili. Kwetu makala yamekula miombo kuzunguka Lubumbashi. Kule, miaka ya karibuni mashamba makubwa yamekata miti katika eneo linaloizunguka parke. Mimi nilisomea kilimo na sichukii mashamba makubwa. Lakini ninajua kwamba shamba la mahindi juu ya udongo ule linahitaji chokaa na mbolea kila mwaka, wakati msuku haukuomba kitu.

Na Kundelungu? Kundelungu twende, lakini twende kwa kile kilicho pale na katika mwezi wake. Kilicho pale ni nchi yenyewe: plato ya juu, majani mpaka upeo wa macho, na maporomoko ya Lofoi, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, kati ya marefu zaidi Afrika. Mwezi wake ni wa tano. Mvua imekatika, njia zimeanza kukauka, lakini mto bado umejaa na plato bado ni kijani. Ukienda mwezi wa kumi, maji yamepungua na moshi wa moto umefunika yote. Gari ya nguvu ni lazima, hema ni lazima, chakula mnabeba. Na mlipe kiingilio, muombe risiti, hata kama mtu anawaambia kuna njia ya kupita bila kulipa. Mlinzi wa parke naye anasubiri mwisho wa mwezi.

Upemba, ya 1939, iko na kitu ambacho ningependa kukiona mbele ya kuzeeka: punda milia wa mwisho wanaoishi porini katika Kongo. Tangu 2017 ICCN inaiendesha pamoja na shirika la Forgotten Parks. Lakini ni mbali, njia ni ngumu, na upande wa Mitwaba umeona wanamgambo kwa miaka; ile pembetatu ya Manono, Mitwaba na Pweto watu hawakuiita ya kifo kwa mchezo. Kwenda kule kunapangwa na ICCN yenyewe, si na binamu mwenye Land Cruiser.

Kwa hiyo kura yangu: Kasanka, juma la tatu la mwezi wa kumi na moja, siku tatu usiku mbili, kwenye uwanja wa mahema. Kutoka hapa ni zaidi ya kilometa 600: Kasumbalesa, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Serenje, kisha parke. Minibasi moja ya kukodi inatutosha wote, na tukifika hatuhitaji gari lingine la kutuzungusha siku nzima. Kundelungu tuiweke mwezi wa tano wa mwaka unaofuata, na wale wanaotaka Luangwa waanze likelemba nyingine, ndefu.

Anayetaka kupinga apinge, lakini aje na mwezi, si na jina la nyama. Na akituletea ajansi, aiulize mbele yetu: mwezi huo majani yana urefu gani, njia zipi zinafungwa, gari ni la kwetu peke yetu au tunachangia, na kiingilio kiko ndani ya bei au tunakilipa mlangoni. Ajansi nzuri inajibu hayo bila kutafuta maneno.

Mambo ya kutengeneza tangu sasa. Kadi ya njano ya chanjo: mpakani wanaitazama. Viza: dada yetu anayefanya kazi karibu na ubalozi mdogo wa Zambia amekubali kuuliza kwa ajili ya wote. Dawa ya kuzuia malaria, sababu mvua itakuwa imeanza. Nguo: acheni bluu na nyeusi, mbung'o wanapenda rangi hizo, na kuumwa kwao kunapita jinzi. Hakuna kumshika popo aliyeanguka, hata kwa picha, popo wanabeba magonjwa. Mahema tunayo matatu, tunatafuta la nne la kuazima. Nafasi za kambi zinajaa mapema sana kwa msimu ule, kwa hiyo majina na pesa ya kwanza mbele ya tarehe 15 ya mwezi wa sita, na ambaye paspoti yake inaisha mwaka huu aanze na hiyo kesho asubuhi, sababu nayo iko na foleni yake.